Nani Ana Ufunguo wa Shairi Lako?

Sisi waandishi vijana tuna maringo, na leo nataka tugombane kidogo. Tukikaa kijiweni tunawacheka wazee waliotunga kwa kalamu ya wino na kurudufu kazi zao kwa stensili mpaka vidole vikawa vyeusi. Eti sisi ndio watu wa kisasa. Tunaandika kwenye simu, tunahifadhi mtandaoni, tunatembea na riwaya nzima ndani ya flashi iliyofungwa pamoja na funguo za nyumba. Haya, sawa. Naomba niulize swali moja tu: hiyo riwaya yako ya kwenye flashi, mwenye ufunguo wake ni nani? Usinijibu haraka. Mimi nilijibu haraka, nikaumbuka mbele za watu.

Kikundi chetu hukutana kila Jumamosi Magomeni, barazani kwa mwenzetu mmoja. Hatukukianzisha sisi. Tulikirithi kwa kaka na dada zetu waliokuwa wakikutana mtaa huohuo miaka ya tisini, mimi sijazaliwa. Walituachia vitu viwili: kabati la karatasi za stensili, ambalo mchwa walishalitembelea, na faili moja la kompyuta. Faili lenyewe ni hifadhidata, yaani daftari la majedwali: jina la mtunzi, tarehe, kichwa cha shairi, na shairi zima humohumo. Mwenzao mmoja alikuwa karani katika ofisi fulani mjini. Bosi akishaondoka jioni, yeye anabaki anapiga chapa mashairi ya wenzake, moja moja. Mwaka 1998 akamaliza, akalinakili faili kwenye flopi, akalikabidhi kwa kikundi.

Aliyepokea akalitoa kwenye flopi akalitia kwenye CD. Aliyemfuata akalitoa kwenye CD akalitia kwenye flashi. Kila mmoja alitimiza wajibu wake, akashusha pumzi. Tatizo ni kwamba hakuna hata mmoja aliyelifungua. Tulikuwa tunapokezana mtungi bila kuchungulia kama tunaweza kuyachota maji.

Halafu mmoja wa waanzilishi akafariki, mama mmoja fundi kabisa wa mashairi ya arudhi. Siku chache baada ya mazishi binti yake akaja barazani. Akasema, "Wadogo zangu, nimeambiwa mashairi ya mama mnayo. Nataka moja nilisome kwenye arobaini." Mimi ndiye niliyejibu, tena kwa kifua mbele: "Ondoa shaka, dada. Tunayo yote."

Usiku ule nikaliingiza faili kwenye kompyuta mpya ya mwenzetu. Programu ilikuwa ileile iliyolitengeneza, jina lilelile, ila toleo jipya. Ikaniandikia kwamba faili limetengenezwa na toleo la zamani, na kwamba haiwezi kulifungua. Basi. Mjukuu wa ukoo uleule amekataa kumsikiliza babu yake. Nikalipeleka kwa fundi. Fundi akaangalia kwa sekunde kumi, akanirudishia flashi: "Dogo, hilo limeshakufa. Lizike."

Arobaini ikafika, tumekaa mikono mitupu. Dada yule akasimama, akasoma kwa kichwa beti mbili alizokuwa anazikumbuka tangu utotoni, akanyamaza. Kisha akasema kwa upole kabisa, "Linaendelea, lakini mwendelezo wanao vijana wa kikundi." Watu wote wakageuka kututazama. Jamani, sijawahi kutamani ardhi ipasuke kama siku ile.

Wiki tatu baadaye tukalifungua. Katika duka moja la steshenari kulikuwa na kompyuta kuukuu, wanaitumia kuandikia barua tu, na ndani yake kumebaki toleo la kati la programu ileile: si la zamani sana, si jipya sana. Faili likafunguka kama mlango usiokuwa na komeo. Tukalihifadhi upya katika umbo la hilo toleo la kati, tukalirudisha kwenye kompyuta mpya, nayo ikalipokea bila kinyongo. Mashairi 63. La mama yule lilikuwa na beti saba. Bintiye alikuwa anajua mbili.

Sasa tuje kwenye ugomvi wenyewe. Programu yetu siitaji, na fundi simtaji, maana sitaki kumfanya mtu mmoja mchawi wa kijiji kizima. Nataka tuelewe jambo ambalo fundi hakulielewa, nami sikulielewa: lile faili halikuwa limekufa. Halikuoza, halikuliwa na mchwa, haikupotea hata herufi moja. Tulichopoteza ni msomaji. Kompyuta mpya ilikuwa haijui tena kulisoma, na sisi wenyewe tulikuwa hatujui kulisoma bila yeye.

Ukitaka mfano wa hadharani, uko mmoja unaojulikana kwa kila aliyefanya kazi za ofisi. Programu ya Access ya Microsoft ilitoka mwaka 1992. Toleo lake la 97 lilienea maofisini, mashuleni na kwenye vyama vingi sana duniani. Toleo la 2000 likabadilisha namna ya kuandika data ndani ya faili, na toleo la 2007 likaleta umbo jingine kabisa, accdb badala ya mdb. Kwa muda mrefu matoleo mapya yalikubali kuyafungua ya zamani na kuyageuza. Toleo la 2010 bado liliweza kuligeuza faili la 97. Toleo la 2013 likaacha. Kuanzia hapo, ukilipa toleo jipya faili la 97, unaambiwa huwezi. Dawa inayotolewa ni hiyohiyo tuliyoiokota dukani: tafuta toleo la 2010 au la nyuma yake, geuza humo, kisha uje mbele. Tena toleo la 2010 lenyewe liliacha kuhudumiwa na kampuni mwezi Oktoba 2020. Yaani daraja lipo, ila hakuna tena anayelikarabati.

Piga hesabu. Kutoka 97 hadi 2013 ni miaka 16. Miaka 16! Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikuwa bado yuko sekondari, na kitabu cha majina cha chama cha mama yake kimeshakuwa siri.

Upande wa pili tuweke Utenzi wa Tambuka, unaohesabiwa kuwa ulitungwa Pate mwaka 1728. Uliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kwenye karatasi. Lugha yake ngumu, hilo nakubali, na wataalamu wameuhangaikia. Lakini mtu yeyote aliyepita chuoni akajua herufi zile anaweza kuishika hati, akaanza kusoma alifu kwa kijiti. Haombi idhini. Hanunui toleo. Hakuna kampuni iliyokaa katikati ya jicho lake na neno la mtunzi, kwa sababu herufi hazina mwenyewe. Sisemi turudi kwenye wino na unyasi. Ninachouliza ni hiki: inakuwaje mshairi wa Pate awe amelindwa kuliko mshairi wa Magomeni?

Najua majibu yenu, maana nimeshayasikia yote barazani.

Wa kwanza anasema: "Hayo mambo ya kompyuta, sisi ni watu wa fasihi." Ndugu yangu, kalamu ikikauka wino wakati unaandika, utasema mambo ya wino si fasihi? Tumetumia Jumamosi mbili nzima kubishana tuseme kompyuta, ngamizi, au tarakilishi kama wenzetu wa Kenya. Mjadala mtamu, nilishiriki mwenyewe. Ila hatukutumia hata dakika tano kuuliza kilichomo ndani ya hiyo ngamizi kitasomwa na nani miaka ishirini ijayo. Tumegombania jina la sanduku, hazina imo ndani imefungwa.

Wa pili anasema: "Mimi kazi zangu ziko kwenye wingu, hazipotei." Sikubali. Wingu linakutunzia faili lilivyo, halikuahidi kukusomea. Faili letu lilitoka flopi likaenda CD likaenda flashi salama salimini. Chombo kilibadilishwa mara mbili, lugha ya faili haikubadilishwa hata mara moja. Tungelipeleka kwenye wingu mwaka ule, leo lingekuwa huko juu linaelea, zima kabisa, na bubu vilevile.

Wa tatu ndiye mwenye hoja, nami namheshimu. Anasema: "Kampuni haiwezi kubeba mizigo ya zamani milele. Programu za kusoma mafaili ya zamani zina matundu, na wahuni wanapenya humo." Ni kweli. Mwaka 2007, nyongeza ya tatu ya Office 2003 ilizuia aina kadhaa za mafaili ya zamani kwa sababu ya usalama. Watumiaji wakalalamika. Mwanzoni mwa 2008 kampuni ikakiri kwamba ilikosea kueleza kana kwamba ubovu uko kwenye mafaili, wakati ulikuwa kwenye programu ya kuyasoma, ikatoa njia rahisi ya kuyafungua tena. Basi na iwe hivyo: kampuni isibebe. Lakini asiyetaka kubeba mzigo wa watu auache barabarani wengine waubebe. Atoe ramani ya faili hadharani: hapa pameandikwa hiki, pale pameandikwa kile. Kuna watu wa kujitolea waliotengeneza mdbtools, kundi la programu huria zinazosoma mafaili ya Access, pamoja na ya zamani. Walifika huko kwa kuchungua faili lilivyojengwa, baiti baada ya baiti, bila kukabidhiwa ramani. Kwa nini kazi ya mtu iokolewe kwa ubishi wa wengine, kama vile watu wanaochimba kisima kwa vijiko?

Na ramani ikiwepo, umri si kitu. Hapa ndipo ninapowabana wale wanaoabudu upya. Programu ya dBASE III ilitoka mwaka 1984. Faili lake, lile la dbf, limejengwa kwa namna nyepesi: mwanzoni linataja idadi ya kumbukumbu, majina ya safu na upana wa kila safu, halafu data zinafuata kwa mpangilio. Mpangilio huo ukajulikana kwa wengi. Leo hii LibreOffice, programu ya bure kabisa, inafungua dbf. Faili la 1984 linafunguka, la 97 linagoma! Kwa hiyo asinidanganye mtu kwamba tatizo ni uzee.

Mtaniuliza: sasa wewe unataka tufanye nini, au umekuja kutusuta tu? Nimekuja kusuta, lakini sitaondoka hivihivi.

Ukipewa faili la zamani, kwanza nakili, na ile ya asili usiiguse. Ukiruhusu programu iligeuze faili pekee ulilonalo, likiharibika hauna pa kurudi. Pili, angalia kama faili lina pacha. Mafaili ya dbf huweka maandishi marefu nje, kwenye faili la dbt. Ukibeba dbf ukaacha dbt, umebeba vichwa vya mashairi ukayaacha mashairi. Access za zamani nazo zilikuwa na faili la ulinzi, mdw. Kama aliyelitengeneza aliweka ulinzi wa watumiaji, ukilipoteza hilo unabaki mlangoni. Tatu, usiruke ngazi. Tafuta toleo la kati, vuka hatua kwa hatua. Kwa hiyo ile kompyuta kuukuu ya ofisini msiikimbize kwenye vyuma chakavu kabla ya kujua ina programu gani ndani.

La nne ndilo wengi wanalolisahau: likishafunguka, usishangilie ukaondoka. Toa maandishi yote nje, yawe maandishi matupu, au csv, ambayo ni safu zilizotengwa kwa mkato na kusomeka hata kwa programu ndogo kuliko zote. Kisha hesabu. Kama ndani mlikuwa na mashairi 63, na nje yawe 63. Soma la kwanza, la katikati na la mwisho, mpaka ubeti wa mwisho. Fomu nzuri na vitufe vya rangi vinaweza kuvunjika njiani, viache vivunjike. Sisi tulikuja kufuata maneno.

Hapo Kiswahili kimetupa bahati ambayo hatuishukuru. Herufi zetu zote zimo ndani ya ASCII, orodha ya herufi za kompyuta iliyotolewa mwaka 1963, na ambayo mpaka leo kila mashine inaijua. Wenzetu wenye lugha za nukta na vikofia juu ya herufi wanahangaika, sisi tunapita wima. Kasoro yetu ni moja: ile alama ya ng'. Programu za ofisi hupenda kuigeuza ikawa alama iliyopinda, ya urembo, na faili likihamishwa vibaya ng'ombe anatoka "ngâ€™ombe". Tumemkuta ng'ombe wa namna hiyo katika shairi la saba. Tafuteni alama hizo, muzirudishe ziwe wima, kabla ng'ombe wote hawajaugua.

Na kama kikundi chenu kinahitaji hifadhidata hasa, siyo orodha tu, chagueni yenye ramani iliyo wazi. Ipo SQLite, ya bure. Umbo la faili lake limeelezwa hadharani, matoleo yake mapya yanasoma mafaili ya toleo la 3 tangu mwaka 2004, na watengenezaji wake wametangaza nia ya kuihudumia mpaka 2050. Maktaba ya Bunge la Marekani imeiweka katika orodha ya maumbo inayoyapendekeza kwa kuhifadhi data. Hata hivyo msilale. Ahadi ni ya watu, na watu huondoka. Kila mwaka mlifungue faili, mlisome, mtoe nakala ya maandishi matupu. Faili lisilofunguliwa ni kama kisima kisichotekwa: mnasema mnacho, kumbe mnakisikia tu kwa majirani.

Nimesema mengi kuhusu kampuni, lakini nisiposema hili nitakuwa mnafiki. Kampuni haikunituma nimwambie yule dada "tunayo yote". Yule karani alifanya kazi yake usiku kwa usiku, kwa vifaa vya wakati wake, na ninamvulia kofia. Tulioharibu ni sisi tuliopokea. Zaidi ya miaka ishirini faili lilipita mikononi mwa watu wanaojiita wapenzi wa fasihi, na hakuna aliyelipenda kiasi cha kulifungua. Tungelifungua mapema tungeona limeanza kugoma, na daraja lilikuwa bado jipya. Tulilitunza kama hirizi, imeshonwa ndani ya ngozi, hatujui hata imeandikwa nini.

Kwa hiyo nasema, na atakayekasirika anikute barazani: mwandishi ambaye kazi yake inafunguliwa na programu moja tu ya kampuni moja, hana kazi. Ameikopa. Siku mwenye ufunguo akibadilisha kitasa, mwandishi anabaki nje anagonga mlango wa nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Jumamosi ijayo kikao chetu hakitakuwa na usomaji. Kila mmoja aje na faili lake la zamani kuliko yote, tulifungue mbele ya wote. Litakalogoma tutalitafutia daraja sikuhiyohiyo, kabla mtu hajafariki na mwanawe hajaja kuuliza. Yale mashairi 63 tumeshayatoa yakawa maandishi matupu, tumeyapiga chapa nakala tatu. Moja amekabidhiwa dada yule. Aliipokea kwa mikono miwili, akafungua moja kwa moja kwenye beti tano asizozijua, akazisoma kimya, sisi tumesimama. Ya pili iko kwa mwenye duka la steshenari, aliyekataa malipo. Ya tatu iko kwenye lile kabati la stensili. Kabati lenyewe tumelipaka dawa ya mchwa.